Ukitafuta kazi nyingine, usimpe bosi sababu ya kukufukuza

Mwaka 2016 nilipoteza kazi ya stoo hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa ajili ya msiba ambao haukuwepo.

Duka letu lilikuwa la pembejeo, jumla na rejareja, na mtunza stoo nilikuwa mimi. Niliitwa usaili Iringa, siku ya Jumatano. Badala ya kuomba ruhusa kama mtu mzima, nikamwambia bosi kwamba mama mkubwa amefariki Tukuyu, naomba siku mbili nikazike. Akanipa pole, akanipa siku tatu. Alfajiri nikapanda basi. Lilipofika Makambako abiria tukashuka kula, na mtu wa kwanza kukutana naye uso kwa uso alikuwa dereva wa lori letu, anarudi kutoka kushusha mbolea Njombe. Tukuyu ni barabara ya Kyela, na Makambako ni barabara ya Iringa. Hakuhitaji kuuliza chochote. Alinisalimia, akanipa pole ya msiba, akaenda zake.

Ijumaa niliporudi nilikuta bahasha mezani. Wenzangu walikuwa wamechanga rambirambi, shilingi 85,000. Hata vijana wetu wa kupakia mizigo, ambao wanalipwa kwa siku, majina yao yalikuwemo kwenye orodha, elfu mbili mbili. Niliyasoma majina yale nikiwa nimesimama. Saa nne bosi akaniita, akaniuliza swali moja tu: mmezika wapi? Nikataja kijiji. Hapo ndipo kazi ilipoisha. Barua niliyopewa baada ya kikao haikusema nimefukuzwa kwa kutafuta kazi. Ilisema udanganyifu, na ilikuwa kweli. Iringa nako sikupata.

Bahasha niliirudisha mtu mmoja mmoja, na hiyo ndiyo siku ngumu kuliko ya kufukuzwa kwenyewe.

Tangu hapo nimehama kazi mara mbili, mara zote nikiwa bado na kazi mkononi, na mara zote niliondoka kwa kukabidhi funguo mchana kweupe. Wadogo zangu wengi wananiuliza nilifanyaje, hasa hawa walioko kwenye maduka, maghala na viwanda vya huku kwetu, ambao mshahara mmoja ukikatika na ada ya mtoto imekatika. Ninayoandika hapa ni kwa ajili yao.

Katika miaka yote hii sijaona mtu aliyefukuzwa kihalali kwa sababu tu alitafuta kazi nyingine. Niliowaona walifukuzwa kwa utoro, kwa uongo, kwa kutumia vitu vya ofisi, au kwa upungufu wa mali uliogundulika wakati wameshaonekana mguu mmoja uko nje. Bosi akishajua unaondoka, jicho lake linabadilika. Kosa ambalo mwaka jana lingeishia kwenye onyo la mdomo, mwaka huu linaandikiwa barua. Kwa hiyo nguvu zako zitumie kwenye kumnyima hiyo sababu.

Kwanza jua umesimama wapi

Kabla ya kutuma barua hata moja ya maombi, toa mkataba wako kabatini uusome wote. Angalia mambo matatu: tarehe uliyoanza, muda wa taarifa ya kuacha kazi, na kama mkataba ni wa muda maalumu au hauna ukomo.

Tarehe ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi, na afuate utaratibu wa haki. Lakini kinga hiyo dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita. Kama uko mwezi wa nne, tulia, fanya kazi, subiri miezi sita ipite ndipo uanze kuzunguka. Na lipime jambo hilohilo upande wa pili: ukihamia kazi mpya, hesabu inaanza upya. Unaacha mahali ulipokuwa na kinga ya miaka, unaingia mahali ambapo kwa nusu mwaka huna. Sisemi usihame. Nasema hiyo nusu mwaka iwekee akiba.

Akiba yenyewe mimi naihesabu kwa vitu: kodi ya miezi mitatu, gunia la mahindi ndani, na ada ya muhula mmoja. Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, au SACCOS ya kazini, au umemdhamini mwenzako, nenda kaulize mapema ukiondoka deni litalipwaje. Nimemwona dada mmoja aliyepata kazi nzuri Mafinga akashindwa kwenda kwa sababu ya mkopo ambao ulitakiwa ulipwe wote siku ya kuondoka. Alikuwa ameshaaga.

Mkataba wa muda maalumu una mambo yake. Huo usifikirie unaweza kuuacha katikati kwa taarifa ya kawaida; soma kipengele cha kuuvunja, na kama hukielewi mpe wakili akusomee.

Mji wetu ni mdogo

Mbeya ni jiji, lakini katika biashara moja watu wanajuana. Wauza pembejeo wa Mwanjelwa, wa Mafiati na wa Uyole wanaazimana mifuko ya mbolea msimu ukipamba moto. Wanakaa kamati moja ya harusi. Wanasali pamoja. Ukipeleka maombi duka la tatu kutoka lako, usishangae bosi akijua kabla jua halijazama.

Kwa hiyo anza na karatasi. Usichapishe wala kutoa kopi ya maombi yako kwenye mashine ya ofisi, hata saa ya chakula, hata kama karatasi umenunua mwenyewe. Kijana mmoja tuliyefanya naye kazi alisahau nakala ya cheti chake cha kidato cha nne kwenye kioo cha mashine, na aliyeifunua asubuhi alikuwa mhasibu. Usiende pia steshenari ya jirani na kazini, maana yule dada wa steshenari anawahudumia wote. Panda daladala, nenda Soweto au Kabwe, kapige kopi huko, na mihuri ya wakili katafute hukohuko. Barua pepe ya maombi iwe yako binafsi, uifungue kwenye simu yako, kwa bando lako. Kompyuta ya kazini ni mali ya mwajiri na ana haki ya kuikagua.

Wadhamini ndio mlango ambao wengi wanasahau kuufunga. Matangazo mengi ya kazi, hasa ya serikali, yanataka majina ya wadhamini watatu na namba zao za simu. Mtu anaandika jina la bosi wake wa sasa kwa kuwa ndilo lenye uzito. Simu inapigwa Jumatatu asubuhi, bosi anasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni. Weka bosi wa kazi ya zamani, mwalimu wako wa chuo, au msimamizi aliyekwishahama. Waombe ruhusa kwanza, uwaambie na kazi yenyewe ni ipi. Wakikung'ang'ania wamtake wa sasa, andika wazi kwamba mwajiri wa sasa aulizwe baada ya makubaliano kufikiwa, na kwenye usaili ulirudie kwa mdomo. Sijawahi kukutana na mwajiri mwenye akili aliyekasirika kwa hilo.

Na ukiomba kupitia Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, kumbuka kwamba majina ya wanaoitwa kwenye usaili huwekwa hadharani. Yeyote anaweza kuyafungua, na orodha hizo zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp usiku huohuo. Hapo hakuna siri ya kutunza. Ukiona jina lako, bora uombe ruhusa asubuhi yake kabla bosi hajatumiwa.

Wenzako wa kazini usiwaambie. Nasema hivi nikiwapenda. Hata rafiki yako wa kula naye chakula cha mchana, usimwambie, kwa sababu siku atakayoulizwa utakuwa umemlazimisha achague kati yako na mkate wake. Niliona kwa yule dereva. Baadaye aliniambia kwamba bosi alimuuliza, na alikesha usiku mzima akiwaza ajibu nini. Mzigo ule nilimtwika mimi.

Mahali pazuri pa kujuana na waajiri wengine, na usifiche kitu, ni Nane Nane. Kila Agosti viwanja vya John Mwakangale vinajaa makampuni ya mbegu, mbolea, viuatilifu na zana, na mara nyingi bosi mwenyewe ndiye anayekutuma ukasimame bandani. Fanya kazi yako vizuri pale. Elezea wakulima, panga bidhaa, jibu maswali. Watu wanaangalia. Kazi yangu ya sasa ilianza kwa mama mmoja aliyenisikia nikimweleza mkulima wa Mbozi tofauti ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia, akaniuliza jina. Sikumwomba kazi siku hiyo, maana nilikuwa nimevaa fulana ya mwajiri wangu.

Siku ya usaili

Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo vumilieni nikikaa zaidi.

Mfanyakazi ana haki ya likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Wengi wetu tunaiacha ipite au tunaichukua yote Desemba. Usiimalize. Baki na siku tano au sita, na ukiitwa usaili omba moja au mbili kati ya hizo. Andika: naomba siku moja ya likizo yangu ya mwaka, tarehe fulani, kwa shughuli binafsi. Maneno hayo ni ya kweli na yanatosha. Usaili ni shughuli binafsi. Bosi akiuliza shughuli gani, mjibu kwa heshima kwamba ni mambo yangu ya maendeleo, bosi, nitarudi kesho yake saa moja na nusu. Kisha urudi kweli saa moja na nusu.

Omba mapema, na uombe kwa maandishi hata kama pale kwenu mnaombana kwa mdomo. Ujumbe wa simu wenye jibu la "sawa" ni maandishi. Siku ukidaiwa kwamba ulitoroka, "sawa" ile itakuokoa. Kwa mwongozo wa nidhamu wa sheria zetu, kukosekana kazini bila ruhusa wala sababu kwa zaidi ya siku tano za kazi kunaweza kukutoa, lakini hata siku moja ya utoro inaanza kukuandikia historia.

Usijifanye mgonjwa. Likizo ya ugonjwa inahitaji cheti cha daktari, na ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi, ukiinunua ni kughushi. Hapo umetoka kwenye kosa la kazini, umeingia kwenye jinai. Msiba, mimi nimeshasema. Kwetu huku msiba haupiti kimya. Watu watachanga, watataka kuja, watauliza kaburi liko wapi.

Kuna njia nyingine ambayo nilichelewa kuijua: muulize anayekuita. Piga simu, mwambie niko kazini kwa sasa na sipendi kuvuruga kazi ya watu, je, mnaweza kunipa Jumamosi mchana au asubuhi sana? Mara ya pili nilipohama walinisogeza hadi Jumamosi saa nane. Baadaye bosi huyo mpya aliniambia ni hilo ombi lililomfanya anipende, kwa sababu alifikiria hata duka lake sitaliacha ovyo.

Kama usaili uko mbali, ipe safari siku yake. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na barabara ile ina malori ya Tunduma, ina mizani, ina ukungu. Ukisema utakwenda na kurudi siku moja, utakesha barabarani na asubuhi utachelewa kazini, na kuchelewa huko ndiko kutakakoandikwa. Omba siku mbili.

Angalia pia msimu. Kwenye pembejeo, kuanzia Oktoba hadi Januari hakuna anayepewa siku, na anayeomba anakumbukwa vibaya. Juni na Julai, baridi ikiwa kali na duka liko kimya, hata bosi mwenyewe anasinzia. Anayefanya kazi kwenye viwanda vya chai au maghala ya mpunga anajua miezi yake.

Stoo isome sawa

Hili nalisema kwa watunza stoo, washika fedha, na yeyote anayeshika mali ya mtu. Ukianza kutafuta kazi, anza siku hiyohiyo kuhesabu mzigo kila mwisho wa mwezi, na anayehusika asaini. Kadi za stoo zilingane na leja, leja ilingane na mifuko iliyolala chini. Mfuko uliopasuka uandikwe siku uliopasuka, na jina la aliyeshuhudia. Mtunza stoo anayeondoka ndiye mtu rahisi kuliko wote kubebeshwa upungufu, kwa sababu hatakuwepo kujibu. Mbolea mifuko kumi haikuonekana? Ni yule aliyekuwa anatafuta kazi. Mimi nimeliona likimpata mtu mwadilifu, na hakuwa na karatasi hata moja ya kujitetea.

Usipige picha daftari la wateja, usihamishe namba za wakulima wakubwa, usitoe bei za manunuzi. Huko unakokwenda wanaweza kukuomba, na ukikubali utakuwa umewaonyesha utakavyowafanyia wao.

Bosi akikuuliza

Siku moja atakuuliza. Mimi aliniuliza mama aliyekuwa bosi wangu kwenye kazi ya pili, duka liko Kabwe, jioni tukifunga mahesabu. "Nasikia unataka kutuacha." Moyo ulinidunda, lakini nilishakula kiapo. Nikamwambia, "Ndiyo mama, kuna mahali nimeomba. Sijapata bado. Nikipata utaniona mimi kabla ya mtu mwingine, na taarifa nitatoa kama mkataba unavyosema." Akanyamaza, akahesabu noti hadi mwisho. Kisha akauliza, "Utaniacha katikati ya msimu?" Nikasema hapana. Tukaishia hapo. Hakunifukuza. Wiki iliyofuata alimleta kijana nimfundishe stoo, na nilimfundisha kwa moyo wote.

Najua wako mabosi ambao wangemtoa mtu palepale. Ndiyo maana sikushauri uende kumwambia kabla hajauliza. Lakini akiuliza, usikane. Ukikana na baadaye ikajulikana, umempa ile sababu ambayo hakuwa nayo.

Barua, na kama mambo yameharibika

Usiandike barua ya kuacha kazi kwa ahadi ya simu. "Wewe njoo tu, kazi ipo" siyo mkataba. Subiri mkataba uliosainiwa pande zote mbili, wenye mshahara na tarehe ya kuanza, ndipo utoe taarifa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka taarifa isiyopungua siku 28, na mkataba unaweza kutaka zaidi. Mwajiri mpya mwambie hivyo tangu kwenye usaili. Ukiondoka ghafla, mwajiri wa zamani anaweza kukata fedha za siku hizo kwenye stahili zako. Kiinua mgongo usikipigie hesabu. Kinamhusu aliyeachishwa na mwajiri baada ya mwaka au zaidi, bila kosa la nidhamu, siyo aliyeacha mwenyewe. Kabla ya kutoa barua, kaangalie pia michango yako NSSF kama imeingia miezi yote, maana ukiwa bado ndani ni rahisi kumwomba mhasibu arekebishe.

Na ukifukuzwa ukiwa bado unatafuta? Usisaini kitu usichokielewa, na usikubali kuandika barua ya kuacha kazi ambayo siyo matakwa yako kwa kuambiwa "itakusaidia". Akiwa na tuhuma, akupe kwa maandishi, akupe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na una haki ya kwenda kwenye kikao na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Ukiona umeonewa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mbeya ofisi ipo, Iringa ipo. Unajaza Fomu Namba 1 na nakala unampelekea mwajiri. Muda ni siku 30 tangu kuachishwa. Watu wanakaa nyumbani wakilia miezi miwili, wanakwenda muda umepita. Kule mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya haki ni mwajiri, na hapo ndipo zile karatasi zako, "sawa" za kwenye simu na hesabu za stoo zilizosainiwa, zitakuwa na kazi.

Kwa vyovyote utakavyoondoka, dai cheti cha utumishi. Ni haki yako kwa sheria, na bila hicho mwajiri wa mbele atalazimika kupiga simu.

Kabwe niliondoka mwishoni mwa Februari, msimu umeshapita. Tulihesabu mzigo siku mbili, mimi, mama, na yule kijana. Ilipungua mifuko miwili, yote ilikuwa imeandikwa kwamba ilipasuka, na dereva alikuwa amesaini. Tukaweka sahihi watatu. Nikamkabidhi kijana funguo tatu, moja ya geti na mbili za makufuli ya ndani, mama akanipa cheti changu kwenye bahasha ya kaki. "Ndaga, mwanangu," akasema, akinishukuru kwa Kinyakyusa. Nikavuka barabara kusubiri daladala ya Uyole.